Tangazo Lisilo na Vyeo

Kazi ya Tarcisio Opoka ilikuwa kusikiliza. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa katika chumba cha nyuma cha jengo moja la serikali katikati ya Kampala, visikilizio masikioni na penseli mkononi, akiandika yale ambayo redio za nchi nyingine zilisema juu ya Uganda: Nairobi, Dar es Salaam, London, na mara mojamoja Kinshasa, hali ya hewa ikiruhusu. Alichoandika kilipigwa chapa na wanawake wa chumba cha jirani, kikatiwa katika bahasha, kikapanda ghorofani kwa wakubwa. Jina lake halikuwahi kutokea chini ya karatasi hata moja. Aliandika "Msikilizaji Na. 4", basi.

Raia aliyekutwa akisikiliza redio hizo angeweza kutiwa kwenye buti la gari asionekane tena. Tarcisio alilipwa mshahara azisikilize. Aliijua tofauti hiyo, na alijua pia jinsi ilivyokuwa nyembamba.

Namna ya kufanya kazi alifunzwa polisi, kitengo cha mawasiliano, kabla serikali ya kijeshi haijaingia. Andika ulichosikia, usiandike ulichodhani. Andika saa na dakika. Mtangazaji akikohoa, andika kwamba amekohoa. Na neno lolote lisihesabiwe kuwa habari mpaka lisikike katika vituo viwili ambavyo havikuazimana. Sheria hiyo ya mwisho aliipenda kuliko zote, kwa sababu ilimwondolea mzigo wa kuamini.

Vita vya mpakani vilipoanza, mwezi wa Oktoba mwaka 1978, walikuwa wasikilizaji sita chumbani. Siku moja mchana, redio ya nyumbani ilipokuwa ikijisifu kwamba ardhi ya jirani imetwaliwa kwa muda mfupi kuliko muda wa kunywa chai, mwenzake aliyeitwa Erinayo, Msikilizaji Na. 2, alicheka. Hata hakucheka sana. Alitoa pumzi puani tu. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu. Keshokutwa kiti chenyewe hakikuwapo. Waliobaki walikuwa watano, na mmoja wao ndiye aliyekipeleka kicheko kile ghorofani. Tarcisio hakuuliza ni nani. Alianza kupumua kwa mdomo.

Nyumbani kwake Kyebando nako alipunguza maneno. Alikuwa Mwacholi, mtu wa kaskazini, na wengi wa kwao waliokuwa jeshini na polisi walikwisha kuondolewa kwa njia zisizosemwa. Jirani yake wa kulia, ukuta kwa ukuta, alikuwa Kamis, dereva wa lori la mkaa, Mnubi, wa kabila lililosemwa kuwa la watu wa rais. Kamis alikuwa na binamu jeshini. Kamis alikuwa na sukari wakati mtaa mzima unakunywa chai ya chumvi. Na mara moja, gari la usalama lenye namba za UVS, zile ambazo mtu akiziona hugeuza uso ukutani, lilisimama mlangoni kwa Kamis kwa dakika kumi na saba. Tarcisio alizihesabu, akaziandika katika daftari dogo alilolificha chini ya pipa la mtama.

Humo aliandika pia kila siku Kamis alipomuuliza habari. "Februari 3. Ameuliza vita vimefika wapi. Nimejibu: kusini." "Machi 12. Ameuliza kama Walibya wamefika kweli kusaidia jeshi. Nimejibu: sijui." "Aprili 1. Ameuliza, baba Anena, wewe kazini unasikia nini? Nimejibu: nasikia masikio kuuma."

Mke wake, Acayo, aliuchoka uandishi huo. "Ulitaka akuulize nini? Yeye dereva, anataka kujua barabara gani imefungwa."

"Dereva anauliza barabara. Huyu anauliza mimi nasikia nini."

"Na mwaka ule askari walipokuja kutafuta Waacholi nyumba kwa nyumba? Nani alimfunika Anena ushungi akamweka katikati ya binti zake? Si Maimunah, mke wa huyohuyo?"

"Ndiyo," alisema Tarcisio. "Na tangu siku hiyo wanajua kwamba tuna mtoto wa kufichwa."

Acayo akaenda zake jikoni. Mtu wa namna hiyo huwezi kubishana naye; kila wema aliufunulia kifuniko atafute kilicho chini yake.

Mwanzoni mwa Aprili mizinga ilianza kusikika kutoka upande wa Entebbe. Kazini hakuna aliyekwenda tena. Tarcisio alikaa nyumbani na redio yake ya betri, ameitia ndani ya sufuria kubwa na kuifunika kwa blanketi, yeye mwenyewe amechomeka kichwa humo kama mtu anayejifukiza mafua. Betri zilikuwa zimechoka. Kila asubuhi Acayo alizianika juu ya bati uani, zikapata nguvu ya nusu saa, pengine dakika arobaini jua likiwa kali.

Jumatano ile ya Juma Takatifu, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, redio ya Kampala iliyokuwa kimya ikaamka. Hakukuwa na ngoma wala wimbo wa taifa. Ilisikika sauti ya mwanamume ambaye Tarcisio hakuwahi kumsikia, na yeye aliwajua watangazaji wote kwa jinsi walivyomeza mate. Mtu huyo alisoma polepole, akakosea mstari mmoja, akaurudia. Alimtaja rais, akasema serikali yake haipo tena. Kampala imo mikononi mwa wakombozi. Wananchi watulie. Askari waliobaki waweke silaha chini.

Penseli ya Tarcisio haikusimama. Alipomaliza kuandika, aliongeza pembeni, kwa mwandiko uleule alioutumia miaka yote: "Kituo kimoja. Haijathibitishwa."

Acayo alikuwa amesimama nyuma yake, naye alisikia. Akainua mkono mdomoni apige kigelegele. Tarcisio aliruka akaushika mkono ule.

"Unataka kutuua?"

"Tarcisio, amesema imekwisha!"

"Nani amesema? Unamjua? Mimi simjui. Umesahau wale wa Kawempe?"

Acayo hakuwa amesahau. Mwezi uliotangulia uvumi ulipita Kawempe kwamba rais amekimbia nchi. Wanaume wawili waliagiza pombe wakawaita majirani. Kabla chupa hazijafika nusu, gari likafika. Ikasemekana baadaye kwamba waliouleta uvumi ndio waliolileta gari.

"Wanatupa mbegu waone kuku gani watatoka," Tarcisio alisema. "Kaa ndani. Na Anena akae ndani."

Haikupita robo saa, mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa Kamis, kanzu yake imechafuka mafuta ya lori, macho mekundu.

"Baba Anena, hodi. Samahani. Redio yangu askari walichukua juzi. Watu huko nyuma wananong'ona, redio imesema kitu. Imesema nini?"

 Mtu huyu ameuliza swali lenyewe, siku yenyewe, ndani ya robo saa. Kama ni mtego, basi umetegwa kwa ustadi.

"Sijui. Redio yangu haina betri."

Kamis alitazama juu ya bati. Betri nne zilikuwa zimelala pale juani, zimepangwa kama vidole. Tarcisio alikuwa amezitoa redioni muda huohuo zipate joto tena.

"Sikiliza, ndugu yangu," Kamis alisema, akashusha sauti. "Mimi siulizi kwa ajili ya mdomo. Lori yangu iko na mafuta ya kufika Bombo, kwa baba yangu. Kule Kawempe kuna kizuizi. Binamu yangu alisema wana amri: mwanamume anayekimbia mji, risasi. Na mimi Mnubi ndio kabisa, watasema nimesaliti watu wangu. Sasa kama vita imekwisha kweli, wale wa kizuizi wamekimbia, njia ni wazi. Lakini kama imekwisha, na mimi niko hapa bado..." Alionyesha kwa kidevu upande wa bonde, ambako nyumba zilikuwa nyingi na kimya. "Unajua watu watakuja kwangu kwanza. Hawataniuliza kama nilikuwa askari. Niko na watoto wanne, baba Anena. Nikienda mapema nakufa, nikichelewa nakufa. Niambie neno moja tu, imekwisha ama bado?"

Maneno yalikuwa yamenyooka. Hilo ndilo lililomtisha Tarcisio. Alikwisha kusikia maneno mengi yaliyonyooka.

"Sijui," alisema tena. "Kwangu hakuna redio."

 Kamis akasema "Haya," akaondoka, na mlango wake ukasikika ukifungwa taratibu.

Tarcisio aliamua kufuata sheria. Kituo cha pili ndicho kitakachosema. Ilipofika saa saba alizirudisha betri, akaingiza kichwa ndani ya sufuria, akaitafuta Nairobi. Aliipata kwa mbali, ikizama na kuibuka. Mtangazaji alisema: "Redio ya Kampala imetangaza leo kwamba..." yakafuata maneno yaleyale, hata ule mstari uliorudiwa.

Akauma penseli. Huo haukuwa ushahidi wa pili. Nairobi ilikuwa imesikia alichosikia yeye, na pengine msikilizaji fulani wa kule, mwenye namba kama yeye, amekaa na visikilizio akiandika. Akaihamia London. Betri zilikuwa zinakata roho, sauti imekuwa kama ya nyuki ndani ya chupa, lakini alikipata kipande alichokitaka: "kwa mujibu wa redio ya Kampala." Halafu redio ikazimika.

Vituo vitatu, na vyote chimbuko moja. Kwa miaka kumi na mmoja sheria ile ilikuwa haijamtupa namna hii. Kama alitaka uhakika, ilimbidi angoje siku mbili, tatu, mpaka mwandishi fulani aingie mjini aone kwa macho. Siku mbili Kamis hakuwa nazo.

Upande wa bonde kelele zilianza. Risasi hazikuwamo, zilikuwa sauti za watu, wachache bado, wakiimba kitu kisichosikika vizuri. Na hao je? Hao nao wanaweza kuwa wametumwa.

"Unangoja nini?" Acayo aliuliza.

"Nangoja kujua."

"Kama si kweli, ukimwambia, wewe utakufa. Kama ni kweli, usipomwambia, watakufa wale sita. Hilo ndilo unalongoja kujua?"

 Tarcisio alilichukua daftari, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akalisoma upya tangazo lile tangu neno la kwanza. Alilisoma kama alivyofundishwa, si kwa ajili ya kilichosemwa, bali kwa ajili ya namna kilivyosemwa. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Kuna kitu kilikosekana, na alikuwa amekiruka mara zote mbili kwa sababu sikio huwa halishtuki kwa kisichokuwapo.

Vyeo havikuwapo.

Kwa miaka minane hakukuwa na taarifa iliyomtaja rais bila vyeo vyake vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka mtangazaji aishiwe pumzi. Hata habari za mvua zilianza navyo. Mtu huyu alimtaja kwa jina tupu, kama mtu anavyomtaja muuza ndizi.

Tarcisio aliiweka penseli chini. Tuseme ni mtego, alijiambia. Mtego lazima uandikwe. Mkubwa fulani wa usalama angeyatunga maneno, lakini karatasi ingepita kwa wale wanawake wa mashine za chapa. Aliwajua wote. Hakuna hata mmoja ambaye angeligusa jina lile likiwa uchi, vidole vingekataa. Mkubwa mwenyewe asingethubutu, kwa maana kesho mwenzake angeichukua karatasi ile ampelekee rais: tazama alivyokuandika. Watu walioogopana vile wangeweza kutunga uongo wowote, wangeweza kusema mbingu imeanguka, lakini wasingeweza kuutunga bila vyeo. Aliyesoma tangazo lile hakuwa na mtu wa kumwogopa katika jengo lile. Na kama katika jengo lile hakuna tena wa kuogopwa, basi imekwisha.

Aliinuka.  Hakumwambia Acayo anakokwenda, na Acayo hakuuliza.

Kamis alimfungulia mlango nusu. Nyuma yake Maimunah alikuwa ameketi juu ya mkeka na watoto wanne wamemzunguka; Jalia, mkubwa wao, alikuwa ameshika kibuyu cha maji.

"Imekwisha," Tarcisio alisema. "Redio imesema. Nenda sasa hivi."

Alitazamia shukrani. Kamis hakusogea mlangoni.

"Saa ile betri hapana. Sasa ziko?"

"Zilikuwapo. Nilikudanganya."

"Ulinidanganya saa ile. Na sasa hunidanganyi."

"Kamis, njia iko wazi. Watu wanaanza kutoka bondeni."

"Nani alikutuma?"

Tarcisio hakuelewa. Maimunah ndiye aliyesema, kwa sauti isiyokuwa na hasira hata kidogo. "Baba Anena, usione vibaya. Sisi tunakuona miaka yote. Unatoka asubuhi, unarudi jioni, husemi na mtu. Kazi yako ya serikali, lakini hatujui kazi gani. Na unaandika. Watoto wamekuona kwenye dirisha, mgeni akija kwetu, unatazama saa na unaandika. Mtaa mzima unasema, mtu wa usalama hapa ni yule. Kamis anakuuliza habari ili aone kama utamtega. Hujawahi kumjibu, tukasema huyu ni mjanja kabisa."

 Miaka yote Tarcisio alikuwa akilinda ukuta, na upande wa pili wa ukuta walikuwa wameuegemea vilevile.

"Sasa siku ya leo," Kamis alisema, "unakuja na mguu wako, unaniambia toka. Nitoke, kizuizi kinipige. Ama nitoke, nyumba ibaki yako. Nitajuaje?"

"Nakuapia."

"Kila mtu anaapa."  Kamis akafungua mlango wote, akaonyesha njia iliyopita kati ya nyumba. "Mtu wa usalama ananong'ona. Kama wewe unaamini, nenda pale katikati, sema kwa sauti, watu wote wasikie. Kama ni uongo, watakukamata wewe kwanza. Ukisema pale, mimi naondoka."

Hakuwahi katika maisha yake kusema jambo kwa sauti mbele ya watu. Hata kanisani aliimba kwa midomo tu. Alishuka kwenye njia ile ya udongo mwekundu, akapita kopo la taka na kamba ya nguo, akasimama mahali ambapo madirisha yote yangeweza kumwona. Mapazia hayakutikisika, lakini alijua macho yako nyuma yake, kwa sababu yake mwenyewe yangekuwa huko.

"Vita vimekwisha," alisema.

Ilitoka kama kukohoa. Kamis, mlangoni, alikunja mikono.

"Vita vimekwisha!" alipiga kelele. "Mimi ni Tarcisio Opoka, wa nyumba ya tatu! Nimesikia kwa masikio yangu, leo, saa tano na dakika hamsini na mbili! Serikali ile imeanguka! Vita vimekwisha!"

 Hakuna aliyetoka, hakuna aliyepiga kigelegele. Komeo moja lilisikika likisukumwa, na halikuwa la kufunguliwa. Walikuwa wakimsikia mtu wa usalama akitupa mbegu.

Lakini Kamis alikwisha kugeuka ndani. Mashine ya lori iliguna mara tatu ikashika. Watoto walipandishwa nyuma, katikati ya magunia matupu ya mkaa, na Maimunah akapanda mbele na kifurushi kimoja. Walipompita Tarcisio, Kamis alishusha kioo, akatoa mkono nje, akamshika bega. Lori likapinda kona kuelekea Kawempe na barabara ya Bombo. Tarcisio alibaki amesimama, akisikiliza. Alikuwa akingoja mlio wa bunduki kutoka upande wa kizuizi. Alihesabu dakika kumi, kumi na tano, ishirini na tano. Haukusikika.

Nusu saa baadaye watu wa bondeni walifika, wanaimba, matawi mikononi, na baadhi wameshika mapanga na mawe. Sasa milango ilifunguka, vigelegele vikatoka kila nyumba. Mwanamume mrefu mwenye koti la askari lisilo lake aliuliza, "Nyumba ya Mnubi ni ipi?" Mtu akaonyesha. Waliingia, wakatoka na kitanda, na mlango, na bati tano. Yule mrefu alirudi barabarani akitweta.

"Majivu bado yana moto! Wametoka sasa hivi. Nani aliwaambia?"

Tarcisio alikuwa kizingitini kwake, Acayo na Anena nyuma yake. Mtaa mzima ulikuwa umemsikia akitaja jina lake na namba ya nyumba. Aliwatazama mmojammoja: Adong muuza samaki, Mzee Zubairi mshona viatu, wote waliokuwa nyuma ya mapazia.

"Nauliza nani aliwaambia!"

Adong alijifuta mikono kwenye gauni lake la gomesi. "Ssebo, bwana, tulikuwa tumejifungia na hofu zetu," alisema. "Kuna mizinga huko, tutasikia mtu?" Mzee Zubairi akatikisa kichwa kuonyesha kwamba yeye pia hakusikia. Wengine wakaangalia chini. Yule mrefu akatema mate, wimbo ukaanza upya, kundi likasonga mbele.

Tarcisio alibaki mlangoni. Alitaka kumshukuru Adong, lakini Adong alikuwa amemkazia macho, na macho yale hakuweza kuyasoma. Pengine ulikuwa wema. Pengine mtu alikuwa ameweka neno akiba, kwa siku ambayo litamfaa. Alimwinamia kidogo, naye akamwinamia vilevile, kwa kipimo kilekile. Kisha akawaingiza mkewe na mtoto, akasukuma makomeo yote mawili, jua likiwa kali na mtaa mzima ukicheza nje.